Moto ukizimika, nani atalipa? Bima ya nyumba haiko mambo ya matajiri peke yao

Leo sileti habari ya mapigano. Naleta jambo ambalo tunalikumbuka wakati majivu yangali ya moto, kisha tunalisahau mpaka moto mwingine: bima ya nyumba na ya vitu vilivyo ndani yake, ile sisi wote tunaita asiranse.

Nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa mpangaji katika kata ya Majengo, hapa Goma. Parseli yetu ilikuwa na nyumba sita: mawe chini, mbao juu, mabati kichwani. Choo kimoja, robine moja, kontere moja ya umeme. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa nguvu. Katika nyumba ya tatu ralonje iliyofungwa kwa sashe ikashika moto. Tulimwaga mchanga, tukamwaga maji ya bidoni, vijana wakapanda kung'oa mabati ili moto usiruke. Kabla hata ya nusu saa nyumba nne zilikuwa zimeisha, na mbili zimebaki nusu. Tulimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa.

Asubuhi baieri wetu akafika na bahasha mkononi. Akatuambia: "Msilie, parseli hii iko na asiranse." Nakumbuka furaha ile. Mama mmoja muuza sambaza, aliyekuwa nyumba ya tano, alipiga magoti juu ya mawe meusi akaomba. Tulifikiri sisi sote tumeokoka.

Majuma yakapita. Eksperi wa kampuni akaja na mita yake, akapima kuta, akapima mabati, akapiga picha, akaenda. Baieri akalipwa, ingawa kidogo kuliko alivyongojea. Sisi wapangaji hatukupata hata franka moja. Yule mama akauliza: "Na kitanda yangu? Na magunia yangu ya sambaza?" Akajibiwa: "Mama, mkataba ni wa mwenye nyumba, na ni wa ukuta." Baba wa nyumba ya tatu aliitwa kwa shefu wa avenyu, wenzake wakamdai kila mmoja vitu vyake. Alikaa siku tatu, ya nne akatoroka usiku pamoja na bibi na watoto. Mpaka leo hatujui waliko.

Mkataba ulikuwepo, kampuni ililipa, na bado familia sita zilibaki chini ya bashi. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna kati yetu aliyejua ile karatasi inalinda nini na inamlinda nani. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Hali imebadilika, lakini sisi hatujabadilika

Kwa miaka mingi katika inchi yetu asiranse ilikuwa na jina moja tu: SONAS. Kampuni hiyo ya serikali ilifanya kazi peke yake tangu miaka ya 1960. Kwa mwanainchi wa kawaida, SONAS ilikuwa ile karatasi ya kuonyesha polisi wa barabarani. Dereva alilipa ili apite barrière, haikumjia akilini kwamba siku moja atalipwa. Ndiyo maana mpaka leo ukitaja bima, watu wanacheka.

Tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilitoka sheria namba 15/005, ndiyo kodi mpya ya bima. Ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi, na ikaweka mamlaka ya kuzichunga, ile ARCA iliyo na makao Kinshasa. Kuanzia 2019 kampuni za kwanza za binafsi zilipewa ruhusa ya kazi. Kwa hiyo leo mtu anaweza kuchagua, na kuchagua kunadai kujua. Zamani ulipewa karatasi moja ukalipa; sasa wanaweza kukuwekea mbele karatasi tatu zenye bei tatu, na ile ya bei ndogo ndiyo mara nyingi inayokuachia shimo kubwa.

Maoni yangu ni haya: kwa familia ya hapa kwetu, swali la kwanza lisiwe bei. Swali la kwanza liwe: "Ni kitu gani hamtalipa?" Soma ukurasa wa mwisho kabla ya ule wa kwanza. Kama husomi Kifaransa, mpelekee mtoto anayesoma, au katekista, au mwalimu wa avenyu. Usitie sahihi siku ile ile.

Vitu vitatu tofauti: ukuta, vitu, na jirani

Bima ya nyumba, ile wanaita miltiriski ya makao, si kitu kimoja. Ni kama kikapu chenye vitu vitatu, na unaweza kununua kimoja ukaacha vingine bila kujua.

Cha kwanza ni jengo: ukuta, paa, milango, saruji, waya za umeme zilizo ndani ya ukuta. Hilo ni jambo la mwenye nyumba. Mpangaji hana sababu ya kulipia ukuta usio wake.

Cha pili ni vitu vilivyo ndani: godoro, kabati, firigo, televisheni, nguo, sufuria, cherehani. Hivyo ni vya anayekaa, awe mwenye nyumba au mpangaji. Bima ya baieri haivihesabu. Ndilo kosa letu kule Majengo.

Cha tatu ndicho tunachosahau zaidi: madeni yako kwa wengine. Moto ukitoka kwako ukaunguza jirani, jirani atakuja kukudai. Kitabu cha tatu cha kodi ya raia, kifungu cha 258, kinasema wazi kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Mpangaji anaweza kudaiwa na pande mbili: baieri anadai ukuta wake, majirani wanadai vitu vyao. Katika mikataba ya bima, upande wa baieri unaitwa riski za mpangaji, upande wa majirani unaitwa rekuri ya majirani. Baba wa nyumba ya tatu angekuwa na hicho kipande cha tatu peke yake, hangetoroka usiku.

Kwa hiyo nikiulizwa na mpangaji mwenye pesa kidogo aanzie wapi, nitamwambia: anza na jirani, kisha vitu vyako. Juu ya nini? Kwa sababu vitu vyako vikiungua unapoteza vyako. Lakini ukiunguza parseli nzima, unapoteza vyako na bado unabaki na deni la watu sita.

Haya yanagusa pia wale wanaokaa katika nyumba za orofa, kama zile zilizojengwa Himbi na Katindo, au kule Nguba kwa wenzetu wa Bukavu. Pale anayetisha zaidi ni maji. Robine ikiachwa wazi juu wakati maji yamekatika, usiku maji yakirudi yanashuka mpaka kwa wa chini, yanaharibu plafo, vitanda na televisheni. Nani atalipa? Wa juu atasema bomba ni la mwenye jengo. Mwenye jengo atasema robine iliachwa na wa juu. Kama munakaa wengi chini ya paa moja, kaeni mkutano kabla ya hasara. Andikeni: ngazi, paa, bomba kubwa na waya kubwa vinalindwa na nani, na kila nyumba inajilinda kuanzia wapi. Kisha kila mmoja anunue kile ambacho mkataba wa jengo hauguse. Msilipie kitu kimoja mara mbili na kuacha kingine bila mtu.

Kuhesabu vitu vyako ni kazi ya jioni moja

Watu wengi wananiambia: "Mimi sina kitu cha kulinda." Nilisema hivyo pia. Kisha jioni moja tukachukua daftari na mke wangu, tukaenda chumba kwa chumba, tukaandika kila kitu na bei ya kukinunua tena leo sokoni. Nilifikiri sina hata dola 500. Tulifika 1.900. Godoro mbili, mashuka, nguo za watoto, viatu, simu tatu, sufuria, jiko la gazi, batri ya sola, vitabu vya shule. Maskini naye ana vitu, ila hajavihesabu.

Fanyeni hivyo hata kama hamtanunua bima kamwe. Tieni tarehe, pigeni picha kwa simu, mtumie ndugu aliye mji mwingine. Fakture zikiwepo, piga picha yake. Siku ya hasara, kampuni haitakuamini kwa machozi. Itauliza kipimo na ushahidi.

Ukitangaza thamani, tangaza ya kweli. Hapa ndipo baieri wetu alipoanguka. Nyumba zake zilikuwa za dola 20.000 hivi. Ili alipe kidogo kila mwaka, alitangaza 10.000. Moto ukaharibu vya 12.000. Akafikiri atapata 10.000 yote. Lakini kampuni zina kanuni moja, inaitwa kanuni ya uwiano: ukitangaza nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara. Nusu ya 12.000 ni 6.000. Halafu wakatoa franshize, ile sehemu ambayo mwenye bima anabeba mwenyewe kila mara, kwake ilikuwa 300. Akabaki na 5.700. Aliona ameibiwa. Hakuibiwa. Alijiibia mwenyewe siku ya kutia sahihi, na aliyemuuzia bima hakumweleza. Hilo la pili ndilo linaniudhi.

Muulize pia anayekuuzia: mnalipa kitu kama kipya au kama kilivyozeeka? Mikataba mingi ya bei ndogo inahesabu uzee. Televisheni ya miaka sita inalipwa kama televisheni ya miaka sita, na pesa hiyo hainunui mpya Birere. Kulipwa bei ya kitu kipya kunawezekana, lakini primu inapanda.

Kwa mama zetu wafanyabiashara, hapa kuna mtego mkubwa. Mkataba wa nyumba mara nyingi haulindi bidhaa za biashara zilizowekwa ndani. Magunia ya sambaza ya yule mama, balo za nguo, makreti ya bia, katoni za sabuni: kama hukusema unaviweka nyumbani, hesabu kwamba haviko kwenye mkataba. Vilevile kama kijana wako ni kadhafi na anaweka bidoni za esanse chini ya kitanda. Usiposema, kampuni ina haki ya kupunguza malipo au kukataa, kwa sababu ulificha hatari. Ukisema, watakupandishia bei au watakukatalia. Lakini afadhali kujua leo.

Vita na volkano: tusidanganyane

Sasa nafika kwenye jambo linalotuuma. Tuko mji ambao lava ilipita katikati yake tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka tena, lava ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji, baada ya kumeza vijiji. Siku tano baadaye tuliamriwa kuhama, tukajaza barabara ya Sake. Wenzetu wa Kalehe wanakumbuka mafuriko ya mwezi wa tano 2023, Bushushu na Nyamukubi, ambako watu zaidi ya 400 walikufa. Na mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita viliingia Goma, maghala yakavunjwa, nyumba zikaporwa. Kambi zilizouzunguka mji zikabaki tupu.

Mikataba ya kawaida ya bima ya nyumba inaacha nje vita, na uporaji unaofuata vita. Maasi na fujo za barabarani mara nyingi pia ziko nje. Volkano, tetemeko la ardhi na mafuriko mara nyingi viko nje kama havikuongezwa kwa maandishi. Ziko bima za mbali za kulinda kampuni kubwa dhidi ya fujo za siasa, lakini hizo ni za viwanda na mabenki, si za mama wa Majengo.

Kwa hiyo ukiona mtu anatembea kwenye avenyu akisema, "Lipa dola kumi, hata vita ikija tutakulipa", mwombe akuonyeshe neno hilo kwenye karatasi. Mwombe pia ruhusa ya kampuni yake kutoka ARCA, na resi yenye jina na mhuri. Asipokuwa navyo, mwambie arudi navyo. Hatarudi.

Ukitaka volkano na tetemeko viingie, usikubali ahadi ya mdomo. Iandikwe kwa herufi: "mlipuko wa volkano", "tetemeko la ardhi". Nyufa za ukuta zilizokuja na matetemeko ya 2021 ziliwafundisha wengi kwamba lava isipofika kwako, ardhi ikitikisika nyumba inaweza kubomoka.

Kuna swali lingine la wakati huu. Mabenki ya Goma yalifunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na uwanja wa ndege ukafungwa. Makao makuu ya kampuni hizi yako Kinshasa. Uliza kabla ya kulipa: eksperi wenu atafika kwangu kwa njia gani? Mtanilipa kwa njia gani, kwa simu, kwa ofisi gani, katika mji gani? Kampuni inayojua kupokea pesa yako kwa simu lakini haijui kukulipa kwa simu, iache.

"Basi bima ni ya nini?"

Najua mtaniambia: kama hailipi vita wala volkano, inatusaidia nini sisi watu wa Kivu? Swali ni la haki, na sikulidharau. Lakini fanyeni hesabu wenyewe. Hesabu nyumba zilizoungua kwenye avenyu yako tangu ulipofika. Ngapi ziliunguzwa na bomu, na ngapi ziliunguzwa na babula iliyoachwa ndani, mshumaa juu ya kitanda, ralonje moja inayobeba nyumba nne? Waulize watu wa Kadutu na Nyamugo kule Bukavu, ambako mbao zinagusana na mbao. Adui wetu mkubwa anaonekana kwenye habari za dunia, lakini adui wa kila juma yuko jikoni. Huyo wa jikoni, bima ya moto inamlipa.

Wengine wataniambia: "Tuna likelemba yetu, inatosha." Likelemba ni jambo jema, limesomesha watoto wengi. Lakini likelemba inakurudishia ulichoweka, kwa zamu yako. Ukiungua kabla ya zamu yako, wenzako wakikuhurumia watakupa, wasipokuhurumia, utangoja. Hiyo ni akiba, haiko bima. Bima ni pale wengi wanapolipa kidogo, na anayepatwa anapata zaidi ya alichoweka, na asiyepatwa haombi kurudishiwa.

Jambo hilo tunaweza kulifanya wenyewe. Tuseme nyumba 50 zinatoa franka 1.000 kila juma. Kwa juma ni 50.000; kwa mwaka wa majuma 52 ni 2.600.000. Inatosha kusimamisha familia mbili au tatu: godoro, sufuria, mabati machache, pesa ya kuanza tena biashara. Haitoshi nyumba kumi zikiungua usiku mmoja. Ndiyo maana kisanduku cha avenyu moja ni dhaifu: moto wa avenyu unawapata wote waliochanga kwa mara moja. Ungeni avenyu yenu na nyingine tatu zilizo mbali, kata nyingine, hata mji mwingine kupitia parokia au chama cha mama. Hatari ikigawanyika mbali, kisanduku kinasimama. Andikeni kanuni kabla ya pesa: nani anapokea, kiasi gani, nani anashika funguo, na pesa isikopeshwe kwa mtu yeyote, hata mwenyekiti.

Kwa nyinyi mliohama makwenu

Sitawaambia ninyi mlio chini ya bashi mkanunue bima ya miltiriski. Ingekuwa kuwatukana. Hakuna kampuni ninayoijua itakayolinda hema, na wengi wenu hata chakula cha kesho hamkijui. Lakini kuna mambo matatu yanayowahusu.

La kwanza: kama uliacha nyumba yenye bima, tafuta mkataba wako au picha yake, na upige simu kampuni uwaambie nyumba imebaki tupu. Mikataba mingi inasimamisha ulinzi wa wizi nyumba ikikaa muda mrefu bila mtu. Afadhali uwaulize wewe kuliko wao wakuulize siku ya hasara.

La pili: karatasi. Udongo wa inchi hii ni wa serikali kwa sheria ya mwaka 1973, na hati inayokutambua juu ya parseli ni cheti cha kuandikishwa. Wengi wetu tuna fishi ya parseli tu, au karatasi ya kununua iliyotiwa sahihi na mashahidi. Hata hiyo, ishike. Ipigwe picha, itumwe kwa watu wawili. Familia iliyokimbia bila karatasi inaweza kurudi ikakuta mwingine amejenga, na hapo bima yoyote duniani haina la kusema.

La tatu: orodha ya vitu mlivyoacha. Kaeni bibi na bwana, muandike mkiwa bado mnakumbuka: mbuzi wangapi, mabati mangapi, vitanda, mashine ya kusaga. Mtie tarehe na jina la shahidi. Siwaahidi malipo. Lakini siku haki itakapouliza "mlipoteza nini?", atakayejibu kwa orodha atasikilizwa kabla ya atakayejibu "vingi".

Na kwenye hema, tafadhalini: babula isiingie ndani usiku. Achieni njia kati ya hema na hema. Wekeni mchanga kwenye mfuko mlangoni. Hiyo ndiyo bima isiyoombwa franka.

Ninachoomba

Kwa kampuni za bima: tuandikieni mkataba kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja, useme wazi tunalipa hiki, hatulipi kile. Tutengenezeeni bima ya mpangaji, ya vitu na ya jirani peke yake, ya kulipwa kwa mwezi kwa simu, bila kudai cheti cha parseli, maana mpangaji hana. Na mtume watu watakaoeleza kanuni ya uwiano kabla ya sahihi, si baada ya moto.

Kwa ARCA: mnachunga kampuni kutoka Kinshasa, lakini hasara iko huku. Orodha ya kampuni zenye ruhusa isomwe kwenye maredio ya mikoa, kila mwaka, kwa lugha ya watu.

Kwa mabaieri: kama una bima, waonyeshe wapangaji wako mkataba na uwaambie wazi kwamba godoro lao halimo. Na garanti yao usiseme imeungua. Sheria ya mwisho wa mwaka 2015 juu ya kupangisha imesema garanti ya makao isipite miezi mitatu, na irudishwe mpangaji anapotoka. Pesa ile haikuwa kwenye mbao, ilikuwa mfukoni mwako.

Kwa sisi wapangaji: jumamosi hii, kabla ya mpira, kaeni watu wa parseli moja chini ya mti. Mwulizeni baieri swali moja tu: "Moto ukitoka kwangu ukafika kwa mwenzangu, karatasi yako inasema nini?" Kama hana jibu, mmeanza kujua. Kisha mkague ralonje.

Yule mama wa sambaza nilimwona tena miaka miwili baadaye, kando ya Kituku, akiuza kidogo kidogo kwenye beseni. Aliniambia alianza na beseni moja aliyokopeshwa na mwenzake. Aliniambia pia jambo ambalo sijalisahau: "Moto ulinichukulia vitu kwa usiku mmoja. Kutojua kulinichukulia miaka miwili." Kutoka siku ile nimekuwa nikiuliza watu wa kila parseli ninayoingia swali lile lile, na ninyi leo nawauliza: kwenu, moto ukizimika, nani atalipa?

Mwandishi wenu, Goma